Gari ya kulala tuliyoikodi Pemba kwa harusi ya mtoto wa shoga yetu

Mashoga zangu wanawake wenzangu wengi washaniuliza kuhusu ile gari mlioiona kwenye status yangu, bas nawaandikia hapa mara moja nipumzike kujibu mmoja mmoja. Ni Hiace ya paa refu ilokuwa ikibeba abiria, mwenyewe kang'oa viti vyote vya nyuma katia vitanda, jiko la gesi la plate mbili, sinki, friji dogo, tangi la maji la lita 60 na sola juu ya paa. Yale magari ya Wazungu makubwa kama nyumba nadhani mshayaona kwenye simu, lakini lile na kona na vilima vya Pemba sijui lingepita wapi, hii ya kwetu ndo saizi.

Sababu ya kukodi ni harusi. Shoga yetu tuliesoma nae skuli Wete anamuozesha mwanawe wa kwanza, kwao upande wa Konde, na nyumba ya harusi ya shamba mnaijua inavyokuwa, msimu wenyewe wa karafuu watu wana hela kila wiki harusi, wageni toka Mjini, toka Tanga, toka Mombasa, mikeka ukuta kwa ukuta, ukitoka usiku kwenda msalani unakanyaga watu na wewe mwenyewe ukirudi pahala pako pashalaliwa. Sie wanne watu wazima saivi, mmoja mgongo, mmoja ana sukari na dawa zake za sindano zinataka baridi. Kulala hoteli Wete nako taabu, kesha linamalizika usiku mkubwa ndo uanze kutafuta gari ya kurudi, na mwenye shughuli angenuna mwaka mzima kuwa tumeikimbia nyumba yake. Na gari imo uani kwake, hana la kusema.

Bei ilikuwa laki na nusu kwa siku pamoja na dereva, mafuta juu yetu. Ukigawa kwa wanne mie naona haki. Kijana wa watu alitusubiri bandarini Mkoani tuliposhuka boti, mpole, shikamoo zake zote kamili, mizigo kapakia mwenyewe. Safari yenyewe Mkoani mpaka Chake kama kilomita 30, Chake mpaka Wete 30 nyengine, karafuu zimeanikwa majamvini kando ya njia harufu yake inaingia mpaka ndani, tukafungua madirisha tukaimba nyimbo zetu zote za skuli. Ila vilango vya makabati havina kitasa cha maana, kona moja tu ya kushuka kilima birika likatutokea huko likamkosakosa mtu kichwa. Tulivifunga kwa ukaja wa kanga mpaka mwisho wa safari.

Sasa nije kwenye umeme maana hapa ndo kwenye maneno. Tumefika uani tukaegesha chini ya mwembe, kivuli kizuri, upepo, raha. Asubuhi ya pili friji linalia pi pi pi. Kumbe sola kivulini haifanyi kazi, na ukiitoa juani betri inajaa lakini ndani unaoka kama mkate wa mofa, yani uchague moja. Dereva akatueleza vizuri tu, betri iliyomo ni ya maji, 100Ah, yani inatoa ampea moja kwa saa 100, lakini aina hiyo ukiishusha chini ya nusu unaiua, kwa hivo wewe hesabu 50. Friji likinguruma linakula kama ampea 4, hata likipumzika nusu ya muda, siku na usiku wake ishakwenda 48, bado feni mbili, bado taa, bado simu za watu wanne na za watoto wa nyumbani waliogundua kuwa garini mna chaja. Na humo ndani mna dawa ya mtu! Dawa zile ambazo hazijafunguliwa zinatakiwa zikae nyuzi 2 mpaka 8, si mchezo. Dereva akavuta waya mrefu toka dirisha la jikoni, sie tukachangia tukuza, yani umeme wa kulipia kabla, mambo yakatulia. Tangu ule waya wa baharini toka Tanga uje 2010 Pemba kuna umeme bwana, zamani sie tukidurusu kwa kandili. Lakini mwenye gari ilibidi aseme mapema kuwa waya unahitajika, kwenye tangazo lake kaandika sola tu kama vile inatosha kila kitu.

Friji lenyewe sina tatizo nalo kabisa. Mlango una kipimo, likikaa nyuzi 4 au 5 muda wote. Na sifa lilizozipata si za dawa, za vikuba, vile vishada vya maua tunavyojipambia! Asumini zilichumwa alasiri, zikatungwa pamoja na rihani, tukazifunika kitambaa kibichi tukazitia mle chini, usiku wa kesha kila aliekuja na kikuba cha kuchumwa pamoja na chetu chake kishakuwa cha rangi ya chai, chetu cheupe pe. Mpaka somo wa bi harusi, yule kungwi wake, akaja kuomba nafasi ya maua yake.

Basi gari ikageuka chumba cha shughuli nzima. Kioo kikubwa kipo nyuma ya mlango, pazia zinafunga vizuri hakuna anaeona ndani, sare zetu za dera zikatundikwa juu hazikukunjana. Usiku wa hina tukamleta mpambaji humo humo, tumekaa mikono mbele kama watoto wanaongoja kofi, feni inatupuliza ikauke, mara joto linazidi mtu anataka kutoka na mlango ule wa kuvuta ni mzito, utaufungua na nini na viganja vyote vibichi? Mmoja kauvuta kwa kisigino wallahi, tulicheka mpaka jikoni wakaja kutizama kuna nini.

Vitanda: viwili vya chini vizuri, vinalaza watatu, ila uvikunjue kila usiku maana mchana ndo viti. Cha juu kwa mtoto au msichana mwembamba, dari iko karibu na pua. Choo cha kubebeka anakikodisha mbali kwa elfu kumi na tano, msichukue, ukipata nyumba yenye msala kazi yake nini, na nani atakimwaga? Maji ya tangi ni ya kuoshea tu, yana ladha ya plastiki, ya kunywa nunueni madumu.

Harusi ilipokwisha tukapita msitu wa Ngezi mpaka Vumawimbi. Matawi yalikwaruza paa kidogo, dereva roho juu na sola yake. Kule pwani hakuna duka, mna ule mchanga mweupe na bahari bas, jiko la gesi ndo likapata kazi, tukanunua ngisi kwa wavuvi tukakaanga, tukasali Alasiri, tukakaa tukasengenya harusi nzima kwa utulivu maana nyumbani kulikuwa na masikio mengi. Wengine walitaka twende mnara wa Ras Kigomasha, ule wa 1900, mie na mgongo wa mwenzangu tukakataa kupanda ngazi.

Siku ya kurejesha mwenyewe kaikagua, kaona alama ya hina kwenye foronya ya godoro, anataka elfu thelathini. Tukamwambia mwanangu, hina ya harusi mbona baraka hiyo. Hakucheka. Tukavutana mpaka ikawa elfu kumi, tukampa, na foronya tukaivua tukaondoka nayo.