Kipima oksijeni cha kidoleni: nakipenda, ila nakijua

Kidude hiki, kinachobana kidole na kuonyesha asilimia ya oksijeni kwenye damu, hukaa mfukoni mwa sare yangu zamu nzima. Namba zake zinasomeka hata taa za wodi zikizimwa, na kimeshaanguka sakafuni mara nyingi bila kuharibika. Kwa umbo, sina la kuongeza.

Ninachokipendea ni kwamba kinanionyesha kazi ya uvutano wa dunia ndani ya kifua. Mtu akisimama, sehemu ya juu ya mapafu huwa na hewa nyingi kuliko damu. Chini hewa huongezeka, lakini damu huongezeka zaidi. Akilala ubavu, pafu lililo chini ndilo hupata damu nyingi. Sasa chukua mtu mzima mwenye nimonia ya pafu la kulia. Akilalia kulia, damu inamiminikia kwenye vifuko vya hewa vilivyojaa usaha, inapita na kurudi moyoni mikono mitupu. Hapo hata umfungulie mtungi, oksijeni haiisaidii damu isiyokutana na hewa. Mzee mmoja wa hivyo kipimo chake kilisoma 88. Nikamgeuza alalie kushoto, pafu lisilo na ugonjwa likawa chini, na baada ya dakika chache akafika 93. Dawa ilikuwa ileile. (Mtoto mchanga ana kanuni nyingine, msimgeuze kwa kuniiga mimi.)

Hata kwa wagonjwa mahututi wanaolazwa kifudifudi, kidole bado kinafikika, na unaona kama kazi ya kugeuza imelipa. Ila usisome papo hapo: damu mpya huchukua muda kufika kidoleni.

Kasoro kinazo. Vidole baridi au rangi ya kucha hukivuruga. Kwa ngozi nyeusi huweza kusoma juu kuliko hali halisi, kwa hiyo 92 ya mgonjwa wangu siichukulii kama pumziko. Kubwa kuliko yote, hakipimi kabonidayoksaidi. Mgonjwa aliye kwenye oksijeni anaweza kuonyesha 97 huku hewa chafu inamjaa na anaanza kusinzia. Wenzangu wanaosoma namba bila kuhesabu pumzi wananikera kweli.

Kwa mtu mzima ningenunua tena. Kwa kichanga hapana. Kibano ni kikubwa, kidole kinacheza ndani na namba zinarukaruka. Tafuteni chenye kihisio cha kufunga mguuni.