Mwongozo wa TREE wa ILO: soko umelisoma, mfuko wa kijana haujaguswa vya kutosha

Miradi mingi ya vijana hununua cherehani kwanza, wateja baadaye. Mwongozo wa TREE (Training for Rural Economic Empowerment, yaani mafunzo ya kuwainua kiuchumi watu wa vijijini) wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), ambao mbinu yake ilifanyiwa majaribio Pakistan na Ufilipino kuanzia 2002, unageuza mpangilio: soko, kisha fani, halafu ndipo mafunzo. Kwa hilo tu tunaupendekeza.

Una madodoso mawili ya maana. La wanunuzi huuliza wananunua nini na nini wanakifuata mbali. La wafanyabiashara huuliza wanauza nini, malighafi inatoka wapi, kinachowakwamisha ni nini. Kisha kila wazo la biashara hufanyiwa upembuzi yakinifu, yaani kupima kama litalipa. Hatua hii ndiyo yenye thamani kubwa, na ndiyo inayorukwa muda ukibana. Chukua soko lenye mafundi cherehani 6, kila mmoja akipata nguo 2 kwa siku. Ongeza wahitimu 20 na nguo ni zilezile 12 kwa mafundi 26. Wahitimu watakaa bure, na waliokuwepo watayumba pia. Kulijua hilo ni kazi ya asubuhi moja ya kupita kibanda kwa kibanda.

Kwa kijana fukara kabisa, mahitaji ya soko hayatoshi. Ongezeni maswali haya kwa mwajiri: Mtu wa mwisho uliyemchukua ulimpataje? Alikuja na vifaa vyake? Msimu mbaya unamlipa nini? Waajiri wengi wakijibu "ni mtoto wa ndugu yangu", kazi ipo lakini mlango umefungwa. Hapo cheti hakisaidii, labda mpango wa uanagenzi (kujifunza kazini chini ya fundi) mliokubaliana na mwajiri mwenyewe. Pimeni pia siku zinazopita kabla ya pato la kwanza. Asiye na akiba ataacha mafunzo mapema akikosa nauli na chakula, na msichana mwenye mtoto ataacha mapema zaidi asipopata wa kumlelea.

Angalizo la uwandani: msihoji kampuni zenye ofisi peke yake, kwa kuwa vibarua wengi huchukuliwa na wafanyabiashara wadogo. Msikusanye takwimu wakati wa mavuno tu. Pesa ikiwa mkononi kila biashara huonekana inalipa. Na mkiwauliza vijana wanataka kusomea nini, watataja fani wanazoziona kila siku. Ni heri mwende nao kuhoji, wajionee nani ana wateja.

Dodoso la wafanyabiashara lirudiwe kabla ya kila kundi jipya la wanafunzi.