Uzoefu wangu: walichomelea chasisi ya Fuso yangu, wakanipakia rangi juu ya ufa

Jina la gereji silitaji kwa sababu bado tunadaiana. Na nianze kwa haki yao: kwa klachi na giaboksi wale vijana wako vizuri, wamenitengenezea sana, na bei yao haiumizi. Ndiyo maana niliwapelekea Fuso yangu ya kokoto bila wasiwasi, ilipopata ufa kwenye chasisi, ile fremu ya chuma inayobeba lori zima, pale pale linapofungwa boksi la stelingi, linalopokea usukani na kukata matairi.

Dereva alianza kulalamika kipindi cha mvua. "Mama, nikikata usukani, lori linawaza kwanza ndipo linaitika." Tukabadilisha tairodi, ile fimbo inayounganisha magurudumu ya mbele, lakini pleyi, yaani ule ulegevu wa usukani, ikabaki vilevile. Aliyegundua ni utingo. Dereva aliwasha injini akawa anazungusha usukani huku na huku, utingo kalala chini na tochi, akaliona boksi linasogea nje na kurudi ndani pamoja na chuma kilicholishika. Kwenye tundu la bolti ya juu kulikuwa na mstari wa kutu nyekundu unaopanda. Kutu ya namna hiyo, mbichi, ya unga, maana yake vyuma vinasuguana hapo kila siku.

Basi gereji. Walilipokea lori asubuhi, jioni wakasema tayari. Nikaenda kuangalia. Kipande cha bati nene cha mraba kimebandikwa, kimechomelewa pande zote nne, halafu kimepakwa rangi nyeusi inang'aa. Lakini nati za boksi zilikuwa na tope lile lile la Lugoba, halijaguswa. Nikamuuliza fundi mkuu, kwa heshima kabisa: hili boksi mmelishusha kweli? Alikuwa amesimama mikono mfukoni. Akanijibu mbele ya vijana wake, "Mama, hili siyo sufuria. Wewe lipa, chuma tuachie wenyewe."

Wakacheka.

Nililipa, maana lori lilikuwa na oda. Ila lile neno nimekaa nalo mpaka leo. Mimi natunza malori tangu yeye hajui spana namba 17 inakaa upande gani wa boksi la vifaa, halafu ananiambia habari za sufuria! Angekuwa mwanaume ameuliza, angejibiwa hivyo? Ninaona wateja wengine pale wanaitwa bosi, wanaletewa kiti, wanaelezwa kila kitu hadi rangi ya oili.

Wiki hazikuwa nyingi. Lori limetoka Lugoba na mzigo, limepita Chalinze, kabla ya mizani ya Vigwaza dereva akahisi usukani umelegea ghafla, akaegesha. Tushukuru Mungu lilikuwa taratibu na barabara imenyooka. Ufa mpya ulikuwa umetembea wima kufuata ukingo wa lile bati lao, kwenye mstari wa kuchomelea wenyewe, na wa zamani uko palepale chini ya rangi. Nikalipia lori la kufaulisha kokoto, nikalipia la kulivuta langu kurudi Chalinze. Risiti zote ninazo.

Chalinze nilimpata mzee mmoja wa kuchomelea, hana hata bango. Kabla ya kugusa chochote alitoa betri, kisha akashusha boksi zima chini. Akaniita: "Mama, njoo uone." Aliling'oa bati kwa grenda, akasafisha hadi chuma cheupe, akafuata ufa mpaka ulipoishia, na hapo akatoboa tundu dogo kwa drili. Ufa una ncha kali na nguvu yote inajikusanya kwenye hiyo ncha. Ukiiondoa kwa tundu la duara, hauendelei kirahisi tena. Kisha akauchimba ufa wenyewe kwa grenda kama mfereji, ili moto uingie hadi ndani, siyo kupakaza juu juu. Vijiti vyake vya kuchomelea vilikuwa aina ya 7018, anavitunza vikavu, maana vikinywa unyevu vinatia chuma nyufa nyingine. Waya wa athi, ule unaorudisha umeme kwenye mashine ya kuchomelea, aliubana karibu kabisa na kazi. Kule gerejini utingo aliwaona wameubana kwenye ekseli, umeme ukapita kwenye beringi zangu.

Bati la kuimarisha alilikata ncha za mshazari. Bati la mraba linaweka mstari wima wa moto unaokatiza chasisi, na chuma kinavunjikia hapo hapo, ndicho kilichonipata. Kingo za juu na chini za chasisi hakuzigusa kwa moto hata kidogo, alisema hizo ndizo zinazobeba uzito. Na kitu ambacho sikuwahi kukiona: aliingiza vipande vya bomba nene ndani ya chasisi, bolti za boksi zikapita humo, ili ukikaza nati ukuta wa chasisi usibonyee. Bolti zenyewe mpya, zimeandikwa 10.9 kichwani, yaani daraja la bolti ngumu. Za gereji zilikuwa zile zile za zamani.

Nikiwa mkweli, dereva wangu naye ana lake. Kule machimboni anakata usukani lori limejaa na limesimama, nguvu yote ya hidroliki inasukuma ukuta wa chasisi. Fundi mkuu aliponipokea simu alilishika hilo tu: dereva, dereva, dereva. Sawa, dereva alisababisha ufa wa kwanza. Wa pili je? Na aliyepaka rangi ni dereva?

Nilitaka kuwapa nyota tatu kwa ajili ya klachi. Halafu kuna kijana wao mmoja alinifuata pembeni siku nachukua lori, akaninong'oneza kwamba yeye alitaka kushusha boksi, bosi akakataa kwa sababu kuna foleni. Yule anastahili tano na kazi kwingine. Kwa hiyo walijua! Walijua, wakacheka. Basi nyota moja, na hiyo ni kwa sababu sifuri haipo. Hata giaboksi siwapelekei tena, bora nisafiri.

Lori linafanya kazi, usukani umetulia, utingo anakagua nati kila wakipakia. Nimewapelekea gereji hesabu yangu: fedha ya kuchomelea, kufaulisha na kuvuta. Wamesema watanirudishia nusu. Sitaki nusu. Wakinilipa yote nitakuja kurekebisha nyota kwa ajili ya klachi, ila maelezo ya chasisi yatabaki kama yalivyo.