Fox mbili, vinanda viwili: San Francisco na Atlanta

Mwaka 1929 majumba mawili ya sinema yaitwayo Fox yalifunguliwa Marekani: la San Francisco mwezi Juni, la Atlanta siku ya Krismasi. Kila moja lilikuwa na viti takriban 4,600 na kinanda cha mabomba, ingawa filamu zenye sauti, zisizohitaji tena mpigaji kinanda ukumbini, zilikuwa zimeshaingia.

Vinanda hivi si vile vya kanisani. Mota husukuma upepo kwenye mabomba yaliyofichwa nyuma ya kuta, na mpigaji mmoja, mbele ya safu nne za vibonyezo, hupata filimbi, kengele na hata ngoma. Cha San Francisco, kilichotengenezwa na kampuni ya Wurlitzer, kilikuwa na seti 36 za mabomba. Cha Atlanta kilitengenezwa na kampuni ya Möller: seti 42, mabomba 3,622. Wenyeji hukiita Mighty Mo.

Kisha njia zikaachana. Jumba la San Francisco lilibomolewa mwaka 1963, na inauma. Kinanda chake kilinusurika, na leo kinapigwa katika jumba la sinema la El Capitan, Hollywood. Jumba la Atlanta nalo lilinyemelewa na kampuni ya simu iliyotaka kujenga makao makuu pale, lakini wananchi walisimama kidete wakaliokoa katika miaka ya 1970.

Mimi nachagua Atlanta bila kusita. Mabomba yake yanalia katika ukumbi uleule yaliyotengenezewa, chini ya dari lililopakwa rangi ya anga la usiku, nyota ndogo zikimetameta.