Mlenda wa Mtumba, banda la madereva wa wakubwa

Bango halina. Ukitoka Dodoma mjini kwa barabara ya Dar es Salaam, kabla hujakunja kuingia Mji wa Serikali, tafuta turubai la bluu na magari ya serikali, yenye namba za STL, yamejipanga kama ng'ombe wanaosubiri josho. Hapo hapo.

Agiza ugali wa uwele na mlenda, 3,500. Mlenda umeungwa karanga, magadi kidogo, unavutika bila kuteleza hadi kwenye kiwiko. Kuku wa kienyeji ni 8,000 na umwambie mama mapema, saa nne hivi, la sivyo utabaki kunusa tu. Chai nyepesi mno, na upepo wa Dodoma ukianza funika sahani yako kwa mkono. Lipa namba ipo.

Mimi nilikuwa dereva wa serikali miaka 26, tisa ya mwisho kwenye gari lenye namba ya KM, yaani Katibu Mkuu wa wizara. Katibu Mkuu wa kwanza nilikaa naye miaka sita. Mitatu iliyobaki niliwapokea wanne. Ndiyo maana naangalia benchi kabla ya chakula. Dereva wa Waziri na wa Katibu Mkuu wakikaa bega kwa bega, wizara ina amani. Mmoja akila amesimama karibu na gari, ujue huko juu mabosi hawasalimiani.

Kuna siku kijana anayemwendesha Waziri alinivuta pembeni, sahani mkononi. "Shikamoo mzee. Eti mzee wako kasemaje kuhusu mafuta yetu?" Mheshimiwa alitaka ziara ya mikoa mitatu, na fungu lake lilikuwa limekauka. Bosi wangu akakataa kusaini. Afisa Masuuli, anayejibia fedha za wizara, ni yeye. CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, akikuta pengo, anayeitwa mbele ya kamati ya Bunge ya hesabu za serikali ni Katibu Mkuu, Waziri hayumo. Siku zile "kifungu hakina hela" likisemwa, limekwisha. Baadaye nikaanza kuona mengine: Waziri anamsubiri Katibu Mkuu wake mbele ya kamera, "nakupa siku saba", na Katibu Mkuu mzima anaitikia kwa kichwa huku kashika shajara. Waziri hana mamlaka ya kumwondoa, maana wote wawili wameteuliwa na Rais, ila picha imeshasambaa.

Wiki iliyopita niliwasimulia vijana pale bandani sakata la Jairo, Julai 2011. Huyo Jairo, Katibu Mkuu wa Nishati na Madini, aliandikia taasisi zilizo chini ya wizara zichangie fedha, eti bajeti ipite. Bunge likawaka, na Waziri Mkuu Pinda naye akasema mwenye mamlaka ya kumchukulia hatua ni Rais. Vijana wakacheka: siku hizi mkeka, ile orodha ya Ikulu ya walioteuliwa na waliotumbuliwa, ungetoka usiku huohuo.

Nilidhani serikali kuhamia huku Dodoma kutawapatanisha Waziri na Katibu Mkuu. Zamani Waziri alikuwa bungeni Dodoma, Katibu Mkuu yuko Dar na mafaili, nami katikati, kilomita 450, bahasha kiti cha nyuma. Sasa wako jengo moja. Wapi! Zamani Katibu Mkuu alikuwa mwenyeji, mawaziri wakija na kuondoka yeye yupo. Siku hizi wote wageni, kila mmoja anamwangalia mwenzake kama atamtangulia kutumbuliwa.

Nyota nne. Moja nimeikata kwa ajili ya chai. Na jambo moja kwa madereva wapya: mama anakopesha hadi mwisho wa mwezi, ila tetesi za mkeka zikianza tu, analiweka daftari chini ya gunia la mkaa. Sisi wastaafu anatuandika mwaka mzima.