Utopia: kikokotoo kizuri cha saizi za fonti, ila vichwa vya habari vipime mwenyewe

Utopia ni kikokotoo cha bure mtandaoni kinachokuandikia saizi za fonti za CSS (lugha ya kupangia mwonekano wa kurasa za wavuti) zinazokua kidogo kidogo kadiri skrini inavyopanuka. Kinataka namba sita: upana wa skrini ndogo na kubwa, saizi ya herufi za aya kwa kila moja, na uwiano wa kupandia ngazi kwa kila moja (kila ngazi ya saizi ni ile iliyo chini yake mara uwiano huo). Kipe pikseli 360 na 1240, herufi 18 na 20, uwiano 1.2 na 1.25, na aya zako zitapata hii (clamp hutaja saizi ya chini kabisa, ile inayokua, na ya juu kabisa):

--step-0: clamp(1.125rem, 1.0739rem + 0.2273vw, 1.25rem);

Cha kusifia hapo ni ile rem ya katikati. Ukiandika 4vw (asilimia 4 ya upana wa dirisha) peke yake, msomaji mwenye macho dhaifu atakuza ukurasa na herufi zitabaki vilevile, kwa sababu vw hufuata dirisha tu. Rem hufuata saizi ya msingi ya kivinjari. Aliyeitoa 16 akaiweka 20 anapata aya kubwa zaidi bila kukuomba.

Ila kikokotoo kinachukulia kwamba 1rem ni pikseli 16. Kama CSS yako bado ina ule mtindo wa kuweka font-size ya html kuwa 62.5%, yaani 1rem kuwa pikseli 10, aya hiyo itashuka hadi pikseli 11.6 hivi kwenye simu. Ufute kwanza, ndipo ubandike.

Majina nayo yana mtego. Ngazi iliyo chini ya aya huitwa --step--1, yenye vistari viwili katikati. Ukidondosha kimoja, maelezo ya picha yanakuwa makubwa kuliko aya yenyewe. Na ngazi hiyo ni pikseli 15 kwenye skrini ndogo, kwa hiyo usiitumie kwenye visanduku vya fomu: Safari ya iPhone hukuza ukurasa wenyewe mtu akigusa kisanduku chenye herufi chini ya 16.

Penye kazi hasa ni vichwa vya habari. Ngazi ya 5 huanzia karibu pikseli 45. Neno kama “yanayoshughulikiwa” lina herufi 18; kwa saizi hiyo linafika kama pikseli 400, na simu ina 360. Litatoka nje ya skrini, au overflow-wrap (amri ya CSS ya kukata maneno marefu) italikata popote bila hata kistari. Kwa Kiswahili, h1 (kichwa kikuu) ikae ngazi ya 3, yaani pikseli 31 hivi, na neno hilo linatosha kwenye skrini.

Nafasi kati ya mistari na urefu wa mstari huvipati humo. Ongeza line-height: 1.5 bila kipimo mbele yake (ukiandika 24px, vichwa vitarithi hiyo 24px na mistari itapandana) na max-width: 65ch (upana wa herufi 65 hivi) kwenye aya.

Ukurasa wenye aya na kichwa kimoja tu hauhitaji ngazi zote nane. Andika font-size: 1.125rem, uendelee na kazi nyingine.