Shokapu moja au mbili? Uzoefu wangu na baiskeli za mlima huku Usambara

Wanaotaka kununua baiskeli ya mlima huanza kwa kuniuliza njia za Lushoto zina mawe kiasi gani. Mimi huwarudishia swali: fundi wako wa shokapu ya nyuma yuko wapi? Ninazo zote mbili, yenye shokapu mbele na nyuma na ile ya mbele tu ambayo waendeshaji huiita haditeli, na kila nikipima naona swali hilo ndilo linaloamua.

Ya shokapu mbili inastahili sifa zake. Yangu ina mwendo wa kuzama wa milimita 120 mbele na 120 nyuma. Kwenye vijia vya msitu wa Magamba, penye mizizi iliyopandana na majani mabichi juu yake, tairi la nyuma halibanduki chini. Wengi hudhani faida ni ya kushuka tu, kumbe mimi naiona zaidi nikipanda. Nakaa kwenye siti, nakanyaga mfululizo, gurudumu linafuata kila tuta na kila shimo. Pale pale kwa haditeli utalazimika kusimama, uzito unahamia mbele, na tairi la nyuma linaanza kusota. Kushuka ndiyo usiseme. Kwa sisi tuliopita miaka arobaini, kiuno ndicho kinachotoa ushahidi jioni.

Matunzo yake sasa. Hewa ya shokapu ya nyuma ni ya presha kubwa. Yangu huwa kati ya psi 160 na 180. Mdomo wa valvu unafanana na wa gari, kwa hiyo fundi wa mtaani atakuambia lete tuweke kwa kompresa. Usikubali. Chumba cha hewa ni kidogo mno, kinataka pampu yake maalumu yenye geji. Ukishajaza, panda na begi lako na maji yako, uone imezama kiasi gani: iwe asilimia 25 hadi 30 ya mwendo wake. Ikizama chini ya hapo ni ngumu bure, ikizidi itagonga mwisho kwenye kila jiwe.

Halafu kuna sevisi. Watengenezaji wengi hutaka sehemu ya hewa ifunguliwe kila baada ya saa 50 hivi za kuendesha, isafishwe na kutiwa mafuta na sili mpya. Kwa mtu anayetoka kila wikendi hiyo ni miezi michache tu. Viungo vya fremu navyo vina beringi, na udongo wetu mwekundu wa masika hauzionei huruma. Wala usipeleke kwa vijana wanaoosha bodaboda kwa mashine ya presha, maji yanapenya ndani na baada ya muda fremu inalia kila ukikanyaga. Beringi zenyewe si tatizo kubwa, nyingi ni za saizi ya kawaida kama 6902 na maduka ya beringi mjini wanazo. Sili za shokapu ndizo za kuagiza, na wakati unazisubiri baiskeli imeegemea ukuta. Nino Schurter, Mswisi wa mbio za baiskeli za mlima, alichukua dhahabu ya Olimpiki kule Rio mwaka 2016 akiwa juu ya shokapu mbili, ni kweli, ila yeye alikuwa na fundi anayemsubiri.

Haditeli yangu ni nyepesi kwa karibu kilo mbili. Kwenye barabara ya vumbi kwenda Mtae, ndefu, yenye kokoto na vilima visivyoisha, ndiyo ninayoichukua bila kufikiri. Kwa bei ile ile unapata shokapu ya mbele iliyo bora zaidi, breki za diski za mafuta na tairi pana. Na tairi ndilo watu wanalolidharau! Weka la inchi 2.4 lisilo na tyubu, nyuma psi 25 hivi kwa mtu wa kilo 75, nusu ya malalamiko ya haditeli yanaisha. Wazee wanaoteremsha viazi na kabichi kwa baiskeli ya Phoenix isiyo na shokapu hata moja wanatutazama tu.

Zile mpya za bei ya chini zenye springi nzito katikati ya fremu, ziacheni. Springi haina kitu cha kuituliza, kila ukikanyaga inadunda na nguvu yako inaishia hapo.

Kama njia zako ni mizizi na mawe kila wiki, kiuno kinakusumbua, na uko tayari kufungua shokapu mwenyewe au kuisafirisha kwa fundi, chukua ya shokapu mbili. Ukiikuta ya mtumba, ishike siti uinue taratibu gurudumu la nyuma likiwa bado chini. Ukisikia mchezo au kugonga, beringi au bushi zimekwisha, na muuzaji ashushe bei.